Kutoka Bethesda hadi Beni: safari ya fedha za utafiti wa maradhi

Msikilizaji, ukipanda treni ya chini ya ardhi katikati ya jiji la Washington, ile ya njia nyekundu inayoelekea kaskazini-magharibi, utavuka mpaka wa jimbo la Maryland na baada ya muda mfupi utafika kituo kiitwacho Medical Center. Abiria anayeshuka hapo hutokea mbele ya uzio mrefu wa chuma. Ndani ya uzio mna miti, barabara, hospitali kubwa ya utafiti na majengo mengi ya maabara. Hapo ni Bethesda, makao ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo ulimwengu wa sayansi unazijua kwa herufi tatu tu: NIH.

Katika eneo hilo, na katika ofisi zake zilizo kwenye mji jirani wa Rockville, hufanywa uamuzi ambao mvuvi wa Kisumu, mkulima wa Rakai, mama anayejifungua Mulago au mgonjwa wa Beni hausikii, ingawa mwishowe unamfikia. Ni uamuzi wa nani apewe fedha za kuchunguza maradhi ya kuambukiza, na nani anyimwe. Makala haya yanafuatilia safari ya fedha hizo, na yanauliza swali ambalo tangu mwaka 2025 limekuwa zito kuliko zamani. Je, fedha hizo ni sadaka ya tajiri kwa maskini, au ni ushirika ambao kila upande umeweka kitu chake?

Kwanza, mtoaji mwenyewe. NIH ni mkusanyiko wa taasisi na vituo 27, na mafungu yake huidhinishwa kila mwaka na Bunge la Marekani. Katika mwaka wa fedha 2024, mafungu yote kwa jumla yalikuwa takriban dola bilioni 47. Taasisi inayoshughulikia maradhi ya kuambukiza, NIAID, ambayo Dakta Anthony Fauci aliiongoza kuanzia mwaka 1984 hadi 2022, ilipata zaidi ya dola bilioni 6. Sehemu kubwa ya fedha za NIH haibaki Bethesda. Zaidi ya dola nane katika kila kumi hutolewa kama ruzuku na mikataba kwa vyuo vikuu, hospitali na vituo vya utafiti.

Mwenye kutaka ruzuku hana budi kuandika. Huandika andiko refu linaloeleza swali lake, njia atakayoitumia, watu atakaowachunguza na kila dola atakayoitumia. Kwa maombi mapya ya aina ya kawaida, tarehe zilizozoeleka kwa miaka mingi ni 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. Andiko hilo husomwa na jopo la wanasayansi ambao wengi wao si watumishi wa NIH, bali ni wataalamu kutoka vyuo mbalimbali. Kila mmoja hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, na hapa mambo ni kinyume cha shuleni, kwani mwenye alama ndogo ndiye mshindi. Maombi yanayoonekana dhaifu huwekwa kando bila hata kujadiliwa. Yaliyosalia hupelekwa kwenye baraza la ushauri, na baada ya hapo ndipo mkurugenzi wa taasisi hutia sahihi. Kutoka siku ya kutuma andiko hadi siku ya kupokea fedha huweza kupita miezi tisa au zaidi, na kwa miaka mingi ni takriban ombi moja kati ya matano lililofanikiwa.

Mtafiti wa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa ana milango miwili ya kuingilia. Anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja, akashindana na mabingwa wa Harvard na Stanford. Au anaweza kuingia kwa mlango wa pili, ambao ndio wengi wameutumia: chuo kikuu cha Marekani huomba ruzuku, kisha hukata sehemu yake na kuipeleka kwa mshirika wake wa ng'ambo. Johns Hopkins, chuo kilichoko Baltimore, mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Washington, kimeshirikiana kwa namna hiyo na wenzao wa Makerere kwa miongo mingi.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wengi huenda hawajalisikia. Kila utafiti una gharama zisizoonekana ndani ya andiko: umeme wa majokofu yanayohifadhi damu, mafuta ya jenereta, mshahara wa mhasibu na wa mlinzi wa usiku. Vyuo vya Marekani hujadiliana na serikali yao juu ya kiwango cha kulipiwa gharama hizo, na vingi vimekuwa vikipata zaidi ya asilimia 50 juu ya gharama za utafiti wenyewe. Taasisi ya nchi ya kigeni, kwa kanuni za NIH za miaka mingi, imewekewa kikomo cha asilimia 8. Mnamo Februari 2025 NIH ilipotangaza kwamba vyuo vya Marekani navyo vitapewa asilimia 15 tu, vilikwenda mahakamani vikilalamika kwamba maabara zitafungwa, na mahakama ikauzuia mpango huo. Maabara za Afrika zilikuwa zimeishi na nusu ya kiwango hicho kwa muda mrefu bila kwenda mahakama yoyote.

Fedha hizo zimezaa nini? Mfano wa kwanza uko katika hospitali ya Mulago, Kampala. Kati ya mwaka 1997 na 1999, watafiti wa Makerere na Johns Hopkins, kwa fedha za NIH, walijaribu dawa ya nevirapini kwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi. Mama alimeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa matone ya dawa hiyo ndani ya siku tatu za kuzaliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba maambukizi kwa watoto wachanga yalipungua kwa karibu nusu, yakilinganishwa na ya wale ambao mama zao walipewa dawa nyingine kwa muda mfupi. Baadaye wakaguzi walikuta kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu za utafiti huo, na mjadala mkali ukazuka mjini Washington. Mwaka 2005 jopo huru la wataalamu wa Marekani lilipitia kumbukumbu hizo upya na kuamua kwamba matokeo yalikuwa sahihi. Tiba ya dozi moja leo imepitwa na wakati, kwa kuwa mama mwenye virusi hupewa dawa za kudumu. Lakini watoto wengi wa Afrika waliozaliwa salama katika miaka ile wana deni kwa akina mama wale wa Mulago waliokubali kuwa wa kwanza.

Mfano wa pili ni wa Kisumu na Rakai. Huko, wanaume karibu 2,800 upande wa Kenya na karibu 5,000 upande wa Uganda walishiriki katika majaribio mawili kuhusu tohara. Tarehe 12 Desemba 2006, kamati huru inayosimamia usalama wa washiriki ilipitia hesabu, na majaribio yote mawili yakasimamishwa kabla ya wakati wake. Sababu ilikuwa njema. Waliotahiriwa walikuwa wamepata maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao, na haikuwa haki tena kuwanyima wengine kinga hiyo. Miezi mitatu baadaye, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari kuwa mojawapo ya njia za kujikinga.

Mfano wa tatu ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huo unastahili kusimuliwa taratibu, kwa maana ndani yake mna jibu la swali lililoulizwa mwanzoni.

Mwaka 1976 daktari kijana wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa katika kijiji cha Yambuku, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, na damu ikapelekwa Ubelgiji kuchunguzwa. Ugonjwa huo ukapewa jina la Ebola. Kwa miaka mingi, vitabu vilipohesabu waliougundua, viliwataja wanasayansi wa Ulaya na Marekani. Damu ilikuwa imesafiri, lakini jina la daktari aliyeichukua halikusafiri nayo.

Mwaka 1995 Ebola ikazuka Kikwit, ikawashika watu 315 na kuua takriban 250. Muyembe alikuwapo tena. Pamoja na wenzake, aliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakaishi. Wataalamu wa ng'ambo hawakushawishika, maana idadi ilikuwa ndogo na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Yeye hakuliacha wazo lake. Aliamini kwamba katika damu ya manusura mna silaha.

Takriban miaka 11 baada ya mlipuko ule, manusura mmoja wa Kikwit alikubali kutoa damu yake. Damu hiyo ilifika Bethesda, katika Kituo cha Utafiti wa Chanjo cha NIAID. Watafiti wa huko, wakishirikiana na wenzao wa Kongo na wa Uswisi, walichambua ndani yake kingamwili, yaani zile chembe ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na kijidudu unachokifahamu. Moja kati ya hizo ilionekana kuwa na nguvu ya pekee. Ikapewa jina mAb114.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa mashariki mwa Kongo, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, kisha ikaingia Ituri. Hapo palikuwa mahali pagumu kuliko pote ambako ugonjwa huo umewahi kuzuka. Waasi walikuwa wakiua raia kandokando ya Beni, na wananchi wakauliza, kwa haki, ni kwa nini dunia inakimbilia Ebola ilhali mauaji yao ya miaka mingi hayakumshtua mtu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Katika mazingira hayo hayo, taasisi ya utafiti ya Kongo, INRB, ikiongozwa na Profesa Muyembe, pamoja na NIAID iliyotoa fedha, zilianzisha tarehe 20 Novemba 2018 jaribio la kulinganisha dawa nne. Jaribio hilo lilipewa jina kwa lugha ya watu wa huko, ambayo ni lugha ya msikilizaji wa makala haya: Pamoja Tulinde Maisha.

Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingizwa katika utafiti. Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilipitia hesabu na kushauri kwamba dawa mbili ziachwe na mbili ziendelee. Takwimu zilizochapishwa baadaye zilionyesha kwamba, kati ya waliopewa dawa mbili zilizoshindwa, takriban nusu walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35, na kati ya waliopewa dawa ya nne, iliyotengenezwa na kampuni ya Regeneron, walifariki takriban asilimia 34. Kwa wale waliofika mapema, wakiwa na virusi vichache mwilini, karibu tisa kati ya kumi walipona. Mlipuko wenyewe, hadi ulipotangazwa kumalizika Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Yambuku, daktari aliweza kumwambia mgonjwa wa Ebola kwamba dawa ipo.

Mwishoni mwa mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha dawa zote mbili. Na hapa, msikilizaji, hesabu ya ushirika inaanza kupinda. Haki ya kutengeneza na kuuza mAb114 ilipewa kampuni ya Miami, na ile dawa ya pili ni mali ya kampuni ya jimbo la New York. Sehemu kubwa ya dozi ilinunuliwa na serikali ya Marekani na kuwekwa katika hazina yake ya dharura, na mashirika ya madaktari yamelalamika kwamba wagonjwa wa Kongo walizipata kwa shida katika milipuko iliyofuata. Mambo yalikwenda vizuri zaidi Septemba 2025, Ebola ilipozuka Bulape, mkoani Kasai. Shirika la Afya Duniani lilipeleka mAb114, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Silaha iliyotoka katika damu ya Kikwit ilikuwa imerudi nyumbani, kupitia Bethesda.

Utafiti si lazima ufaulu ndipo uwe na thamani. Mwaka 2022 INRB na NIAID walianza kuijaribu nchini Kongo dawa iliyotarajiwa kutibu homa ya nyani, ambayo leo huitwa mpox. Agosti 2024 walitangaza kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, washiriki wote, waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu, walifariki kwa kiwango kidogo kuliko wagonjwa wengine nchini humo. Kilichowaokoa ni kulazwa, kulishwa na kuhudumiwa vizuri. Fedha za utafiti zilikuwa zimenunua ukweli huo pia.

Mwaka 2025 mkondo huu wa fedha ulipata msukosuko mkubwa. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump, katika siku yake ya kwanza ya muhula wa pili, alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe upya. Shirika la misaada la USAID, lililokuwa na makao yake hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani, lilivunjwa, na tarehe 1 Julai mipango yake iliyosalia ikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Miongoni mwa kazi zilizokatizwa ni mpango wa kutafuta chanjo ya ukimwi uliohusisha nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliokuwa umeahidiwa zaidi ya dola milioni 45.

NIH yenyewe ilifuata tarehe 1 Mei 2025. Ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye sehemu inayokatwa na kupelekwa kwa mshirika wa nchi ya kigeni, mpaka utaratibu mpya uwepo wa kumuunganisha mshirika huyo na NIH moja kwa moja. Ule mlango wa pili, ambao wengi wa Afrika Mashariki waliutumia, ukafungwa ili ujengwe upya.

Serikali ya Marekani ilikuwa na hoja zake, na ni haki zisikilizwe. Ilisema kwamba fedha zinazopita mkono wa pili ni vigumu kufuatiliwa, na wakaguzi wa Bunge walikuwa wamewahi kuonyesha mapengo katika kumbukumbu hizo. Ugomvi juu ya ruzuku iliyofika maabara ya Wuhan nchini China kupitia shirika la New York ulikuwa umewachosha wabunge wengi. Mlipa kodi wa Ohio ana haki ya kujua dola yake imelala wapi. Na huenda utaratibu wa mkataba wa moja kwa moja ukampa mtafiti wa Kampala heshima ambayo mlango wa pili haukumpa.

Lakini utafiti wa tiba haufanani na ujenzi wa barabara. Barabara ikisimamishwa, kokoto husubiri. Mtu aliyekwisha kuchanjwa chanjo ya majaribio hawezi kusubiri. Ni lazima apimwe katika siku iliyopangwa, na apate daktari wa kumwendea akipatwa na madhara. Damu iliyo ndani ya jokofu haingoji umeme ulipiwe. Muuguzi aliyejifunza kwa miaka kumi namna ya kumweleza mwanakijiji haki zake kabla hajatia dole gumba, akiondoka kutafuta kazi nyingine, hawezi kununuliwa tena dukani. Kubwa kuliko yote, imani ya wananchi ikivunjika, hakuna ruzuku inayoweza kuirudisha kwa mwaka mmoja. Watu wa Beni wanalijua hilo.

Upande wa pili wa mizani uko nyumbani. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Umoja wa Afrika ukaweka pia lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hizo kwa sehemu kubwa zimebaki katika karatasi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtafiti anayemtegemea mtoaji mmoja, aliyeko katika mji mmoja, huweza kuamka asubuhi akakuta miaka kumi ya kazi yake imesimamishwa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Je, basi, ni sadaka? Kisa cha Kikwit kinakataa. Bila fedha na maabara za Bethesda, damu ya yule manusura ingebaki damu. Bila damu yake, bila daktari aliyeamini kwa miaka mingi kwamba mna tiba ndani yake, na bila wagonjwa 681 waliokubali kujaribiwa huku risasi zikilia, Bethesda isingekuwa na dawa ya kuidhinisha, wala Marekani isingekuwa na dozi za kuweka katika hazina yake. Wote waliweka mtaji. Tofauti ni kwamba mtaji wa upande mmoja huandikwa katika vitabu vya hesabu, na wa upande mwingine hauandikwi popote.

Mwenye mtaji katika biashara ana haki ya kuuliza juu ya faida, na ana wajibu wa kuleta fungu lake pale mshirika anapopunguza lake. Serikali za Afrika Mashariki na Kati zikiketi tena na Marekani kujadili mikataba mipya ya utafiti, zina hoja ya kudai kwamba dawa itokanayo na damu ya watu wao iwafikie watu hao kwanza. Lakini hoja hiyo itasikika vizuri zaidi ikitoka kinywani mwa mtu aliyekuja na mfuko wake mkononi.

Jina lile lililochaguliwa Kivu lilikuwa la haki. Kulinda maisha kunataka fedha, na kunataka damu na ujasiri. Na neno lililotangulia mengine yote lilikuwa ni pamoja.